Divai Iliyotiwa Mvinyo: Habari za Divai ya Porto, Utunzaji Wake na Majina Yake

Mwalimu mmoja wa Msamala, katika mji wa Songea, alituletea swali ambalo alikuwa ameulizwa na mwanafunzi wake darasani. Walikuwa wakisoma Injili ya Luka, sura ya tano, mahali pale Bwana wetu anaposema ya kuwa mtu aliyezoea divai ya kale haitamani mpya. Kijana akainua mkono, akasema kwamba jambo hilo halimwingii akilini. Ulanzi wa leo ni mtamu, wa kesho ni mkali, wa siku ya nne humwagwa. Imekuwaje kinywaji kikae miaka kisha kizidi kuwa chema? Mwalimu alijibu kwamba ni mfano tu. Walakini jibu hilo halikumridhisha kijana, na kwa kweli halikumridhisha mwalimu mwenyewe, ndipo akatuandikia.

Twaona swali hilo ni zuri kuliko linavyoonekana, kwa maana ndani yake mna habari ya desturi, na ya lugha, na ya altare pia. Basi tumeona vema kulijibu kwa kirefu, tukichukua mfano wa divai moja iliyo mashuhuri kuliko zote kwa kukaa miaka mingi, nayo ni divai ya Porto, ya nchi ya Wareno.

Kwanza tumpe kijana haki yake. Vinywaji vya nchi zetu ni vya siku chache, na lugha yetu yashuhudia. Pwani watu husema tembo tamu, yaani lile ligemwalo asubuhi, na tembo kali, lile lililokwisha kuchachuka. Na likipita hapo huwa siki, hutiwa katika mboga na samaki. Nyanda za juu za kusini, toka Iringa na Njombe hata huku Songea, ulanzi hugemwa kwa kukata ncha ya mwanzi mchanga wakati wa mvua, na mwendo wake ni ule ule: utamu, ukali, uharibifu. Pombe ya ulezi na mahindi yaweza kuandaliwa siku nyingi, maana kimea chataka muda wake, lakini ikiisha kuiva yataka kunywewa. Kwa hiyo mtu hafanyi pombe pasipo kuwaita watu. Ngoma, arusi, kilimo cha ujima, matanga, yote yamefungamana na jambo hili, kwamba kinywaji hakingoji. Wako waandishi wa kale walioona hapo dalili ya watu wasiojua kuweka akiba. Sisi hatukubaliani nao. Nafaka waliiweka ghalani mwaka mzima; lakini pombe ilikuwa na siku zake, na mtungi na kibuyu havizuii hewa.

Sasa tuje kwenye majina. Kiswahili kina majina mawili kwa kinywaji cha zabibu, mvinyo na divai, na watu wengi huyatumia kana kwamba ni kitu kimoja. Hayakuja kwa njia moja.

Mvinyo ni neno la Wareno, vinho, lililopewa m ya mwanzo likawekwa pamoja na mti na mto, hata wingi wake ukawa mivinyo. Wareno walifika Malindi mwezi wa Aprili 1498. Wakaanza kujenga Ngome ya Yesu huko Mombasa mwaka 1593. Wakatolewa na Waomani mwaka 1698, wakarudi kidogo 1728 hata 1729, kisha basi. Katika miaka hiyo mia mbili walituachia maneno yasiyo mengi sana, lakini ya kila siku: meza, leso, bendera, kasha, gereza, karata. Na moja ambalo tunaomba msomaji alishike, kwa maana tutalirudia: pipa. Jambo la kuangalia ni kwamba mvinyo, katika vinywa vya watu wa pwani, haukubaki divai tu. Makamusi ya zamani yalieleza neno hilo kuwa ni divai na pia vileo vikali vya Kizungu, vile vya kukeneka, yaani vya kuchemshwa na kukingwa mvuke wake. Mtu wa pwani aliona chupa, akaonja ukali, akasema mvinyo.

Divai ni neno la Kifaransa, du vin, lililoshikwa pamoja na kiambatanishi chake kama kwamba ni kitu kimoja. Wafaransa walikuwa na biashara katika pwani hii tangu karne ya 18. Mmoja wao, Morice, alifanya mapatano na Sultani wa Kilwa mwaka 1776. Mapadri wa Kifaransa walifika Unguja mwaka 1860, na Mapadri wa Roho Mtakatifu wakajenga Bagamoyo mwaka 1868. Kanisa ndilo lililolieneza neno hili bara, hata kwa watu wasiopata kuona zabibu. Wabenediktini waliofika Peramiho mwaka 1898 walikuwa Wadachi, na kwao husemwa Wein. Lakini katika Misa ya Kiswahili neno lililodumu ni divai. Biblia ya Union ya mwaka 1952 hutumia maneno yote mawili, lakini katika arusi ya Kana na katika viriba vya Luka neno ni divai. Basi kwa sikio la Mkristo wa Songea, divai ina harufu ya kanisa na mvinyo una harufu ya kilabu. (Na mtu akituonyesha Wino, kata iliyo upande wa Madaba, tutamjibu kuwa kufanana kwa sauti peke yake si hoja.)

Tumeyasema haya kwa sababu divai ya Porto, ukiifafanua kwa Kiswahili safi, ni kitu kimoja tu: ni divai iliyotiwa mvinyo.

Mto Douro hutoka Hispania, hupita katikati ya milima ya kaskazini ya Ureno na kuingia baharini penye mji wa Porto. Mizabibu hupandwa juu ya matuta katika miteremko ya mawe, mahali penye jua kali wakati wa kiangazi na baridi kali wakati wa kipupwe. Zabibu zikivunwa hutiwa katika birika pana za mawe, na watu huingia wakazikanyaga kwa miguu, wameshikana mabega, kwa saa nyingi. Desturi hiyo haijafa, ingawa siku hizi mitambo hufanya sehemu kubwa ya kazi. Maji ya zabibu huanza kuchachuka. Ndani yake mna sukari, na hamira yaigeuza sukari kuwa kileo. Ikiachwa mpaka mwisho, sukari yote huisha na divai huwa kavu. Lakini Mreno haiachi. Baada ya siku mbili au tatu, sukari ikiwa imebaki karibu nusu, hukinga ile divai na kuitia pombe kali iliyokenekwa kwa zabibu, yenye kileo asilimia 77. Kipimo cha desturi ni lita 115 za pombe hiyo kwa lita 435 za divai. Jumla yake lita 550. Na chombo kinachochukua lita 550 huitwa kwa Kireno pipa, neno lile lile tulilo nalo hapa kwa maji ya mvua na mafuta ya taa.

Hamira hufa kwa ukali ule. Sukari iliyosalia hubaki, kileo hufika asilimia 19 hata 22, na wala vijidudu vigeuzavyo divai kuwa siki haviwezi kuishi kwa urahisi ndani yake. Hilo ndilo jibu la kwanza kwa kijana wa Msamala: ulanzi hufa kwa sababu hamira na wadudu wa siki huendelea na kazi yao hata mwisho, divai hii imesimamishwa katikati ya safari.

Ni nani aliyegundua hayo? Husimuliwa kwamba mwaka 1678 vijana wawili wa mfanyabiashara wa Kiingereza walifika katika monasteri ya Lamego, na Abate akawanywesha divai tamu ya kupendeza. Walipomuuliza siri yake, akasema huitia pombe kali wakati inapochachuka. Ni hadithi ya kupendeza, hasa kwa wasomaji wetu walio watawa, lakini hatuwashauri waitegemee kama historia. Lililo yakini ni kwamba Waingereza, wakigombana na Wafaransa, walitafuta divai mahali pengine, na kwa mapatano ya Methuen ya Desemba 1703 divai ya Wareno ikatozwa ushuru pungufu kwa theluthi kuliko ile ya Ufaransa. Biashara ikanenepa. Pombe kali ilitiwa kidogo kidogo, mwanzoni ili divai istahimili bahari tu. Desturi ya kuitia katikati ya kuchachuka, ili kuhifadhi utamu, ilikaa imara katika karne ya 19.

Wahenga wamesema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Wareno hawakutia maji. Walitia sukari, na matunda meusi ya kichaka kimoja cha Ulaya yatoayo rangi nzito kama ya zambarau, ili divai dhaifu ionekane nzito. Sifa ikaharibika na bei ikaanguka. Ndipo waziri wa mfalme, Sebastião José de Carvalho e Melo, ambaye baadaye alipewa daraja la Markizi wa Pombal, alipoanzisha Kompania ya divai ya Douro tarehe 10 Septemba 1756. Nchi ya mizabibu ikapimwa, mipaka yake ikasimamishwa kwa nguzo za mawe zaidi ya 300, na vile vichaka vya matunda meusi vikaamriwa kung'olewa. Nchi chache sana duniani zilikuwa zimewekewa mipaka ya divai namna ile kabla yake.

Jambo lililofuata limesahauliwa na wengi, nasi twaona ni shani kwa waandishi wa gazeti kama hili. Mwezi wa Februari 1757 wenye vilabu na watu wa Porto waliondoka kwa fujo kuipinga Kompania iliyowanyang'anya biashara. Serikali ililipa kwa ukatili, watu wengi wakanyongwa. Na Wayesuiti wakashtakiwa kuwa wameichochea fujo ile. Walidaiwa kuwaambia watu ya kwamba divai ya Kompania haifai kwa Misa. Mwaka 1759 wakafukuzwa katika nchi zote za Ureno, pamoja na wale waliokuwa katika bonde la Zambezi, si mbali sana na huku kwetu. Haina maana kwamba walifukuzwa kwa ajili ya divai. Pombal alikuwa na mashtaka mengine mengi na makubwa zaidi. Lakini angalieni lile shtaka: mtu aliyetaka kuwatia hatiani mapadri alichagua neno hili, kwa sababu alijua kila mwenye kusikia angeelewa uzito wake. Divai iliyochezewa ni divai bado?

Swali hilo likaulizwa tena, safari hii si na padri bali na mfanyabiashara. Joseph James Forrester, Mwingereza, alifika Porto mwaka 1831, akaupima mto Douro na kuchora ramani yake hata mfalme akampa daraja la baroni. Mwaka 1844 alitoa kijitabu kisicho na jina lake, akiwashutumu wenzake kwamba kutia pombe kali katika divai ni kuiharibu, na kwamba divai njema ya Douro ingesimama kwa nguvu zake yenyewe. Wenzake walimchukia sana. Mwaka 1861 mashua yake ilipinduka katika maporomoko ya Valeira, akazama, na watu husema mkanda wake uliojaa fedha ndio uliomvuta chini, huku Dona Antónia Ferreira, mwanamke tajiri mwenye mizabibu mingi aliyekuwa pamoja naye, akiokolewa na sketi yake pana iliyoelea juu ya maji. Hoja yake ilizama pamoja naye. Sisi, tukiisoma leo, twaona alikuwa na haki katika jambo moja na kukosa katika jingine: ni kweli kwamba pombe kali ilitumiwa kuficha divai mbovu, lakini divai njema iliyotiwa pombe kwa wakati wake ilikuwa kitu kipya, si divai ya kale iliyoharibiwa.

Roma nayo haikuweza kukwepa swali. Divai ya Misa sharti iwe ya tunda la mzabibu, ya asili, isiyoharibika. Ndivyo isemavyo sheria ya Kanisa ya mwaka 1917, kanuni ya 815, na ile ya mwaka 1983, kanuni ya 924. Lakini divai nyepesi, ikisafirishwa katika nchi za joto, hugeuka siki, na siki si divai. Wasomaji wakumbuke namna mizigo ilivyofika Songea zamani: kutoka Kilwa na Lindi, vichwani mwa wapagazi, jua la mchana na baridi ya usiku, kwa majuma. Padri aliyefungua kizibo na kusikia harufu ya siki hakuwa na Misa siku hiyo, wala pengine siku zilizofuata. Basi kuitia divai pombe ili isife halikuwa jambo la anasa.

Mwaka 1896 Ofisi Takatifu ilitoa jibu. Divai tamu yaruhusiwa kutiwa pombe ili ihifadhike, kwa masharti: pombe yenyewe itoke katika zabibu, kileo chote kwa jumla, cha asili na cha kuongezwa, kisizidi asilimia 17 au 18, na pombe itiwe wakati kuchachuka kunapoanza kutulia. Msomaji ataona mara moja ya kuwa hii ni kazi ile ile ya Douro, ila kwa mkono mwepesi zaidi. Tena ataona kwamba divai ya Porto yenyewe, kwa kuwa huanzia asilimia 19, imepita kipimo hicho. Tumewasikia wenzetu wakisema, katika shida, kwamba chupa ya Porto yafaa kwa altare kwa kuwa ni ya zabibu tupu. Ni ya zabibu tupu, kweli. Hata hivyo kipimo cha 1896 hakiko upande wao, na maagizo ya Roma ya mwaka 2004 yanayotaka divai safi isiyochanganywa na kitu cha kigeni hayakulegeza neno. Mahali pa Porto ni mezani. Na siku hizi shida yenyewe imepungua, kwa maana zabibu hulimwa Dodoma, ambako Mapadri wa Mateso kutoka Italia walikuwa miongoni mwa walioanzisha kilimo hicho, na divai ya altare hutengenezwa huko huko.

Hata hapa tumeeleza kwa nini divai hii haifi. Bado hatujaeleza kwa nini huzidi kuwa njema, nalo ndilo swali lenyewe la kijana.

Porto ni za namna nyingi, lakini mzizi wake ni njia mbili. Ya kwanza huzeeka ndani ya pipa la mbao. Mbao hupumua, hewa huingia kidogo kidogo, rangi nyekundu hufifia ikawa hudhurungi, na ladha huelekea njugu na matunda makavu. Hizo huuzwa zikiwa zimeandikwa miaka 10, 20, 30 au 40, na si za mavuno ya mwaka mmoja, bali mchanganyiko. Ya pili ndiyo divai ya mwaka. Mavuno yakiwa mema kupita kiasi, mwenye nyumba ya divai hutangaza mwaka ule, jambo lisilotokea zaidi ya mara tatu hivi katika miaka kumi. Huchagua divai bora ya mwaka ule peke yake, huiacha katika pipa kama miaka miwili, kisha huitia katika chupa ikiwa bado changa, nyeusi na yenye ukakasi. Ndani ya chupa hukaa miaka 20, 30, hata 50 na zaidi. Miaka ya 1945 na 1963, na kisha 1977, 1994 na 2011, husifiwa sana. Mwaka 1931 nyumba chache tu zilitangaza, kwa sababu ya unyonge wa biashara ya dunia, na divai ya shamba la Noval ya mwaka huo ikawa mojawapo ya mashuhuri kuliko zote. Wazo hili la kuupa mwaka heshima lingekuwa gumu kwa mkulima wa Dodoma, avunaye zabibu mara mbili kwa mwaka.

Chupa za Wazungu za zamani zilikuwa na tumbo kama kibuyu, nazo husimama tu. Chupa ya namna ile haiwezi kutunza divai, maana kizibo kikikauka husinyaa na hewa hupita. Katika karne ya 18 wahunzi wa kioo walizidi kuirefusha, hata mwisho wa karne ikawa imenyooka pande zote, ikaweza kulazwa ubavu juu ya nyingine. Ikilala, divai hugusa kizibo, kizibo hubaki na unyevu, hewa haina njia. Jambo dogo, lakini pasipo chupa ya kulala hakuna divai ya mwaka.

Nini hufanyika ndani yake kwa miaka hiyo yote? Divai changa ina vitu vyenye ukakasi, kama ule wa ndizi mbichi au korosho bichi, na vitu vya rangi. Kwa muda mrefu vitu hivyo hushikana kimoja na kimoja, huwa vizito, huzama. Ubavuni mwa chupa hufanyika ganda jeusi ambalo Waingereza wameliita kwa neno lao la gamba la mkate. Sisi tunalo neno bora zaidi, ukoko, lile la chini ya chungu cha wali. Kila ukoko unapozidi, ukakasi wa divai hupungua, na harufu zilizokuwa zimefichwa nyuma yake hujitokeza. Basi si kwamba uzee unaitia divai kitu. Zaidi ni kwamba unaiondolea. Kwa hiyo divai isiyo na ukakasi na utamu mwingi tangu mwanzo haina cha kuondolewa, nayo ikizeeka hubaki maji matupu. Ulanzi ni wa namna hiyo, na divai nyingi za Ulaya pia. Kijana asidhani ya kuwa kila divai ya kale ni njema.

Wako wanaouliza kama yawezekana kuweka chupa kama hizo katika nchi yetu. Wareno wenyewe walikuwa na shida ya joto: bonde la juu la Douro huungua wakati wa kiangazi, kwa hiyo mapipa yaliteremshwa kwa mashua mpaka Vila Nova de Gaia, karibu na bahari, penye ubaridi na unyevu. Kwetu mambo ni kinyume. Pwani ndiyo iunguzayo, na bara la juu ndilo lenye ubaridi. Songea iko juu ya mita 1,000, na usiku wa Juni na Julai hutaka blanketi. Divai hutaka joto la nyuzi 12 hata 15 za sentigredi, lisilobadilika. Mabadiliko ya mchana na usiku huidhuru kuliko joto la wastani. Nyumba ya Msamala yenye bati juu na dari nyembamba haifai hata kidogo, maana adhuhuri ni tanuri. Lakini chumba cha ndani chenye ukuta mnene wa matofali, sakafuni, ndani ya kasha lililojazwa pumba za mbao, pasipo mwanga wala mtikisiko wala harufu ya mafuta ya taa, kitaiweka chupa miaka kadhaa bila hasara kubwa. Miaka hamsini hatuahidi. Chupa ilazwe, na ile alama ya chokaa nyeupe iliyopakwa juu yake zamani na watunzaji ielekee juu daima, ili ukoko usihame.

Siku ya kuifungua, chupa isimamishwe siku moja au mbili kwanza, mashapo yashuke. Kizibo cha miaka arobaini hukatika. Watunzaji wa kale hushika shingo ya chupa kwa koleo la chuma lililotiwa moto, kisha hugusa mahali pale kwa kitambaa cha maji baridi, na kioo huvunjika wima pasipo chenga. Hatumshauri mwalimu ajaribu. Akiisha kuifungua, aimimine polepole katika chombo kingine, bila kusita, akiwa na mshumaa nyuma ya shingo. Aonapo uzi mweusi wa mashapo ukikaribia, aache.

Katika kuonja, Kiswahili hakituachi maskini. Kwanza jicho: divai changa ni ya zambarau iliyoiva, ya makamo ni nyekundu ya damu, ya kale ni ya matofali pembezoni mwa bilauri. Kisha pua, na hapa lugha yetu ina faida, kwa kuwa yatenga kunuka na kunukia, ambapo lugha nyingi zina neno moja. Ikinuka siki au kitambaa kibichi kilichooza, kizibo kimeiharibu. Ikinukia matunda makavu, tumbaku, majani ya chai, imekuwa njema. Mwisho ulimi: utamu, ugwadu, ukakasi katika ufizi, na ukali wa mvinyo kooni. Divai changa huyasema haya manne kwa sauti mbalimbali, yakigombana. Katika ile iliyozeeka vizuri ni vigumu kusema moja limeishia wapi na jingine limeanzia wapi, na mvinyo uliotiwa miaka hamsini iliyopita hauonekani tena kuwa mgeni katika divai.

Katika nchi zetu nyingi mwenye pombe huonja kwanza mbele ya wageni, ili wajue haina sumu, kisha chombo huzunguka. Waingereza, walio wanywaji wakubwa wa Porto tangu siku za Methuen, wanayo desturi inayofanana: chombo huzunguka mezani kwa upande wa kushoto, wala hakipasi kusimama. Mtu akikizuia mbele yake kwa kusahau, hawamkemei. Humwuliza kwa upole kama anamjua Askofu wa Norwich, na mwenye kuelewa hukisukuma mbele mara moja. Wasomaji wetu maaskofu watusamehe.

Na mwalimu wa Msamala amwambie kijana jambo hili pia. Divai ya mwaka iliyolala nusu karne, ikiisha kumiminwa, hurudi chini ya sheria ya ulanzi. Hewa imeingia, jioni hiyo ni njema, kesho yake imepungua, na siku ya tatu harufu yake imekwenda. Ndiyo sababu wenye chupa ya namna hiyo hawaifungui peke yao, bali huwaita watu kwanza.